Mama, Sauti Yako Bado Inauza Kuku

Mpendwa mama mkwe,

Shikamoo. Nakuamkia kama nilivyokuamkia kila asubuhi kwenye mlango wa jiko, goti nimelikunja kidogo, ndoo mkononi, ingawa safari hii najua sitaitikiwa. Ulituacha kiangazi. Sasa mvua zimenyesha, alizeti zimechanua, na mimi nikipita pale mlangoni goti bado linajikunja lenyewe.

Leo tangu nimeamka sijatulia. Nimefagia uwanja, nikafagia tena. Nimebandika chai nikaisahau mpaka ikakaukia sufuriani. Nimekaa kuandika, nikainuka kwenda kuwafukuza mbuzi wa jirani, kumbe hata mbuzi hawapo. Mjukuu wako Joyce kaniuliza, "Mama, unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta kalamu, nayo ninayo mkononi. Kesho alasiri Umoja wetu wa wauza kuku unakutana kwenye ukumbi wa kata. Mimi ndiye mwenyekiti, kuna jambo lazima nilitamke mbele ya watu, na mdomo wangu haulitaki.

Lakini wewe hukumpenda mtu anayekuja na shida kabla hajakaa kwenye kigoda. Basi ngoja nikae kwanza.

Unakumbuka siku tuliyokwenda mjini kwenye yale mafunzo? Tuliambiwa kuna bwana amekuja kutoka chama cha wafanyabiashara wa mtandaoni, anazunguka mikoani kuwahamasisha watu wauze mazao yao kwa simu. Mimi ndiye niliyeisikia habari hiyo nikaishupalia. Wewe ulisema hayo ni mambo ya watu wasio na kazi, kisha asubuhi nikakukuta umevaa kitenge chako cha Pasaka na umempakata tetea. Nikakuuliza huyo kuku anakwenda wapi. Ukasema, "Tunakwenda kuzungumza habari za kuku, halafu tusiende na kuku?" Tulipanda bodaboda, wewe katikati, mimi nyuma nimekushika kiuno, na tetea mbele amechungulia kwenye upindo wa kitenge njia nzima kutoka Ilongero hadi mjini. Dereva alicheka mpaka nikaogopa atatuangusha.

Pale ukumbini yule bwana alionyesha picha ya jogoo ukutani, mkubwa, anang'aa. Akaeleza namna ya kupiga picha, namna ya kuandika bei, namna mteja wa Dar es Salaam atakavyolipa akiwa amekaa kwake. Wewe ukanyoosha mkono. "Mwanangu, huyo jogoo ni mzuri. Sasa mnunuzi atampulizaje?"

Hakukuelewa, maskini. Ikabidi usimame, umtoe tetea kwenye kitenge, umgeuze, umpulize kifuani mpaka manyoya yakaachana na ngozi ikaonekana, ya njano, imeshiba. "Mnadani kwetu hanunuliwi kuku asiyepulizwa," ukamwambia. "Manyoya yanaficha mengi." Ukumbi mzima ulivunjika mbavu, na yule bwana akacheka nasi, halafu akafanya jambo ambalo mpaka leo namheshimu nalo. Akatoa simu yake akapiga goti mbele yako. "Basi, mama, mpulize wewe kwa niaba ya mnunuzi. Mimi narekodi." Lile ndilo likawa tangazo letu la kwanza. Wewe unapuliza, kuku anapepesa macho, na nyuma yako mimi nimeziba mdomo kwa kicheko.

Umoja ulianzia pale. Kwanza sisi wanawake wa Ilongero, baadaye wakaja wa vijiji vya jirani, kisha watu wa Kiomboi, na hata kwetu Kinampanda nikawapata wawili watatu, ukanitania kwamba sasa nawaleta ndugu zangu waje kula nyumbani kwako. Kazi yenyewe haikuwa kuuza. Kazi ilikuwa kuwashawishi watu waamini. Mwenye kuku aliogopa kutuma kabla hajalipwa, mnunuzi aliogopa kulipa kabla hajaona, na sisi tukasimama katikati kuwaambia wote wawili: hapa mdhamini ni Umoja. Atakayedanganya tutamtaja jina hadharani na kumtoa, na mteja atarudishiwa chake. Salum, katibu wetu, aliisoma ahadi hiyo kanisani na msikitini, na wewe uliisema mnadani bila kusoma.

Yule mzee aliyekuja juu mnadani, unamkumbuka? "Nimtumie kuku mtu nisiyejua hata ukoo wake?" Ukamjibu, "Mimi sauti yake nimeisikia. Ana adabu, aliamkia."

Hiyo ndiyo ilikuwa mizani yako. Oda iliyokuja bila salamu hukuigusa. Mtu ameandika, "Nataka majogoo watano," basi, wewe unaiacha hapo hapo. Mimi roho juu, naona mteja anapotea, nakuomba, "Mama, huko mjini ndivyo wanavyoandika." Unasema, "Atajirekebisha." Na kweli, kesho yake mtu huyo huyo anaandika, "Shikamoo bibi, habari za huko, naomba majogoo." Hapo unaagiza tenga liletwe. Tulikuwa na wateja Dar waliokuwa wakifundishana wao kwa wao: bibi wa Singida mwamkie kwanza, la sivyo utakula maharage. Walimu wa biashara ya mtandaoni wangekuona wangezimia, lakini wateja hawakukimbia hata mmoja.

Halafu yakaja yale ya unyoya.

Mama mmoja wa Tabata, mteja wetu wa tangu mwanzo, alituma picha. Kuku wamefika salama, lakini kila mmoja ana pengo kwenye bawa, kama unyoya umenyofolewa. Akauliza kwa upole kama wana ugonjwa. Kabla sijamjibu, mwingine wa Morogoro naye akauliza hivyo hivyo. Mimi uenyekiti bado mbichi, nikaanza kuwahoji makondakta stendi, nikamshuku kila aliyeshika tenga. Jioni nakusimulia, wewe unachambua mlenda hata hukuinua kichwa. "Ni mimi," ukasema.

Kumbe tangu ujana wako hujawahi kumtoa kuku nyumbani bila kuchomoa unyoya mmoja wa bawa na kuuchomeka kwenye fito za banda. Mama yako alifanya hivyo na mama yake pia, ili kuku aende lakini heri yake ibaki. Mnadani hakuna aliyewahi kuuliza, kwa sababu nusu ya wanaouza pale wanafanya hivyo hivyo. Nilikaribia kulia. "Mama, wateja wanadhani ni ugonjwa!" Ukapangusa mikono kwenye kanga, ukasema, "Lete hiyo simu hapa."

Maneno yako nayajua kwa moyo, na Joyce anayajua, na nadhani hata makondakta wanayajua. "Mimi ni Mama Elibariki wa Ilongero. Kuku huyu nimemlea kwa mkono wangu. Unyoya wake mmoja nimeubakiza nyumbani, uwe mbegu. Ukikuta pengo kwenye bawa, ujue huyo ni wangu. Mle kwa amani, na Mungu akubariki." Nyuma yake inasikika sauti ya jogoo, na ya mwanao Elibariki akiita ng'ombe.

Basi, lile tulilodhani litatuua likatubeba. Wateja wakaanza kuuliza wenyewe, "Ana pengo?" Asiye na pengo hawamtaki. Wanawake wote wa Umoja wakaanza kuchomoa, hata wale ambao kwao hawakuwa na desturi hiyo, na sauti yako tukaiweka kwenye kila tangazo kwa ruhusa yako. Ilifika Mwanza, ikafika Zanzibar, na wewe mwenyewe ulikuwa hujawahi kuvuka Manyoni. Oda zilipokuzidi ulizigawa, huyu unampa ya Dodoma, yule unampa ya Arusha, na nyingi ulimpa Mwajuma, yule mjane anayekaa karibu na mashine ya kukamulia alizeti, kwa sababu ulisema banda lake ni safi kuliko sebule za watu.

Nimeshainuka tena, mama. Nimekwenda mpaka barabarani nikarudi. Hakuna nilichokifuata.

Ulipougua hukutusumbua muda mrefu. Hilo sitaliandika sana, ulikuwepo. Tulipokwisha kukuzika, mdondo wa kuku ukaingia na upepo wa kiangazi, ukapita kwenye mabanda kama mtu anayefagia. Asubuhi tunaokota kuku wamelala ubavu, jioni tunaokota tena. Banda lako likabaki na majogoo wawili na kuku koo mmoja kipofu. Kwa Mwajuma walipona wachache, kwa wengine hata mmoja. Na simu yako, ambayo Elibariki aliichukua siku ya msiba akaitia mfukoni mwa shati, ikaendelea kupokea oda. Aliniambia anazipeleka kwa Mwajuma na kwa wengine walionusurika. Sikuwa na sababu ya kutomwamini. Ni mume wangu.

Mwezi huu wa mvua yule mama wa Tabata akanipigia. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona aibu kwa ajili yangu. "Mwenyekiti, sitaki maneno na watu. Lakini huyu kuku nimembandika, kabla vitunguu havijaiva nyama imeachana na mfupa. Kuku wa Singida namjua mimi, unamchemsha mpaka unamsahau." Nikamwambia labda alikuwa mtoto. Akasema, "Pengo analo. Na sauti ya bibi niliisikia." Baada yake wakaja wengine. Salum akaenda stendi kuangalia matenga na akarudi uso umemshuka: waliokuwa wanasafiri ni chotara, wale kuku wa kisasa wanaofanana na wa kienyeji kwa rangi, wanaonunuliwa kwa wafugaji wa mjini wakiwa wamenenepeshwa kwa chakula cha viroba. Kila mmoja ana pengo kwenye bawa.

Nani anawatuma? Watu hawakufikiri sana. Oda zako zilikuwa zikienda kwa Mwajuma, kila mtu anajua. Mwajuma ndiye aliyebakiwa na kuku wakati wengine tumebaki na mabanda matupu. Na hana mume wa kumsemea. Kwenye kundi letu la simu maneno yakaanza kwa mafumbo, siku ya pili yakaacha kuwa mafumbo. Alikuja kwangu akakaa hapa nilipokaa, kanga ameibana kwapani. "Mwenyekiti, mimi sijapokea oda ya Mama Elibariki tangu amefariki. Hata moja. Nilidhani mmeamua kunipumzisha." Nilipomsikia hivyo, nikakumbuka ni nani aliyeniambia oda zinakwenda kwake, na bado sikutaka kujua zaidi.

Nilijua Jumatano. Tulikuwa na kikao cha akina mama kanisani, mchungaji akapata msiba, tukatawanyika mapema. Nikaingia kwa njia ya nyuma, kwenye kaburi lako, nikang'oe majani yaliyoanza kuota. Elibariki alikuwa pale nyuma ya banda, amechuchumaa na tenga limejaa chotara, wa kimo kimoja, wa umri mmoja, kama wanafunzi wa darasa moja. Anamshika mmoja, anachomoa unyoya, anautupa chini, anamrudisha. Wewe hukuwahi kuutupa hata mmoja. Upepo ulikuwa ukiyasukuma yale manyoya kuelekea kwenye kaburi, na simu yako ilikuwa juu ya jiwe inasema, "Mimi ni Mama Elibariki wa Ilongero."

Sikupiga kelele. Nilisema tu, "Zima hiyo simu."

Akazima. Kuku walikuwa wanahema kwenye tenga. Nilimuuliza kwa nini, na nilitegemea aniambie habari za shida, za mdondo, za ada ya Joyce. Ningejua namna ya kugombana na hayo. Akaniambia, "Wanamwamkia."

"Nani?"

"Wateja. Kila siku. Shikamoo bibi. Bibi umeamkaje. Bibi mguu unaendeleaje. Mara ya kwanza nilitaka kuandika kwamba hayupo. Nikaandika marahaba." Akalifunga tenga. "Basi, ukishaitikia salamu, kuku utamnyima?"

Akanifungulia simu nikasoma. Mama, aliwajibu wote. Aliandika kama unavyosema wewe, marahaba mjukuu wangu, mguu unaendelea vizuri, huku kwetu mvua inasuasua. Mmoja alikuuliza ushauri wa kumnyonyesha mtoto, naye akamjibu, sijui aliyatoa wapi, nadhani alikusikia ukiniambia mimi. Miezi yote ya kilio chetu, huko kwenye simu ulikuwa hujafa.

Nina hasira naye. Naandika hivyo ilivyo, maana ninayo mpaka kwenye meno. Alitumia sauti yako kuapia kuku usiowajua. Na lililo baya zaidi, alimwacha Mwajuma asulubiwe kwenye kundi, akasoma maneno yote yale na hakuandika hata neno moja. Hapo siwezi kumtetea. Halafu dakika hiyo hiyo namkumbuka akiwa amechuchumaa na ile simu mkononi, na namwonea huruma kiasi kwamba nataka kumfunika kwa kanga kama mtoto. Haya mawili yananivuta kutoka asubuhi mpaka jioni, ndiyo maana hata chai siwezi kuinywa ikaisha.

Jana Salum aliniuliza kama nimeshapata jina la kupeleka mkutanoni. Nikamwambia ninalo. Hakuniuliza ni nani, ila alinitazama kidogo zaidi ya kawaida.

Ninaweza kunyamaza, mama. Hilo nalijua na ndilo linalonitisha. Wanachama wameshachoka, wanataka mtu wa kumtupia. Nikinyamaza kesho, Mwajuma atatolewa, Umoja utaonekana umetimiza ahadi yake, wateja watatulia, na Elibariki ataacha, kwa sababu ameshaniapia kwamba ameacha. Nyumba yangu itabaki nyumba. Na mwanamke uliyempa oda zako kwa mkono wako atakuwa anauza vitumbua stendi huku watu wakimnyooshea kidole.

Tena nikisema, nitasemaje? Huku kwetu mke hasimami mbele ya watu kumshtaki mumewe. Hata mimi mwenyewe, na uenyekiti wangu na maneno yangu mengi, nimesimama mbele ya kioo nikajaribu kulitamka jina lake kwa sauti ya mkutano na nimeishia kwenye silabi ya kwanza.

Ndipo nikakumbuka wapi mke anapeleka mashtaka. Wiki niliyoolewa, nikiwa bado naongea Kinyaturu cha kubabaisha mnanicheka, ulinikalisha ukaniambia, "Huyu ni mwanangu lakini ni binadamu. Siku akikukosea usiende kwa jirani, usiende kwenu Kinampanda. Njoo kwangu." Nilikuja kwako mara chache. Mara ile ya kwanza ulimwita, ukamsikiliza, ukampa ukweli wake mbele yangu, kisha ukatupikia ugali wa uwele tukala wote sahani moja. Sasa ameukosea Umoja, amemkosea Mwajuma, amenikosea mimi, amekukosea wewe. Nakuja kwako. Barua hii ndiyo mashtaka yangu, nami nitaisoma kesho ukumbini neno kwa neno, na wanaotaka kusikiliza mazungumzo ya mkwe na mama mkwe wake wasikilize.

Kwa hiyo sikia, mama. Aliyetuma chotara kwa jina lako na kwa sauti yako ni mwanao Elibariki. Mwajuma hakutuma hata mmoja. Elibariki atatoka kwenye Umoja kama ahadi yetu inavyosema, na kila mteja aliyedanganywa atapata haki yake kutoka nyumbani kwetu. Mimi nitauweka uenyekiti mezani, wanachama waamue kama bado wananitaka.

Na wateja wetu nao wasikie, maana Salum atarekodi mkutano na kuutuma kwenye kundi lao. Wapendwa wateja, Mama Elibariki wa Ilongero amefariki. Amezikwa hapa nyumbani kwake, nyuma ya banda la kuku. Salamu zenu za tangu kiangazi hazikumfikia. Sauti yake tunaiondoa kwenye matangazo yote, na kuanzia sasa kila atakayewauzia kuku atajitaja yeye mwenyewe, kwa jina lake na kijiji chake, ili akikosea mjue pa kumpata.

Nimemaliza kuandika hayo na mkono unauma. Nimekwenda kumfungulia yule koo kipofu, amezunguka uwanja akirudi mahali pale pale. Joyce analala mchana. Baba yake amekwenda kuchunga, hajui ninachoandika, au labda anajua. Tangu Jumatano tunazungumza habari za ng'ombe na za kuni tu.

Haya ya mwisho nayaongeza leo Jumapili.

Nilidhani nitaisoma ukumbini bila kumwambia. Usiku kucha niligeuka ubavu huu na ule, na asubuhi nikaona sitaweza kumfanyia hivyo, hata kwa kosa lile. Baada ya kanisa nimemkalisha pale jikoni kwako, kwenye kigoda chako, nikamsomea yote, tangu bodaboda na tetea. Pale pa tetea alicheka. Ni kicheko chake cha kwanza tangu msiba, na kilinifanya niache kusoma kwa muda kwa sababu maandishi sikuyaona. Pale pa Mwajuma aliinamisha kichwa na hakukiinua tena.

Nilipofika mwisho alitoka nje. Nilimwona dirishani anazunguka banda, mikono nyuma, kama unavyomjua. Nikasema basi, ameondoka. Nikaanza kuvaa, vifungo vinanishinda. Akarudi amenawa uso, amevaa shati lake jeupe.

"Asubuhi nimepita kwa Mwajuma," akasema. "Kabla ya kanisa. Nimemwambia mwenyewe. Hakunikaribisha ndani." Nikamuuliza kama Mwajuma alimlaumu. "Aliendelea kufua. Nikamaliza, nikaondoka."

Kisha akaninyooshea mkono, anataka barua. Nikadhani ataichana. Akazifunua karatasi mpaka ile ya mwisho, akaweka kidole pale ninapozungumza na wateja. "Jina langu lisome kama lilivyo," akasema. "Na hayo mengine yote. Lakini hapa niachie mimi."

Mama, wewe unajua, na mimi najua, kwamba neno hilo, amefariki, hajawahi kulitamka. Hata siku tulipokuzika, aliposimama kuwashukuru watu, alisema umesafiri. Nimemuuliza kama ataweza kulisema mbele ya ukumbi mzima, na simu ya Salum imewashwa.

Akasema, "Sijui. Lakini iwe sauti yangu."

Mkweo,
Mama Joyce